Kiti cha Kushoto, Nyumba Adungosi

Anyait Okedi alikuwa na miaka thelathini na tisa, mistari mitatu ya dhahabu kila bega, ng'ombe wanne, na dhambi moja ambayo Shirika la Ndege la Kipungu lilishindwa kabisa kuisamehe: aliishi Adungosi, kule mpakani na Uganda.

Wala hakuwa anajificha. Fomu ya kampuni ikiuliza makazi, aliandika ADUNGOSI kwa herufi kubwa, na nafasi ikibaki aliongeza "karibu na soko". Marubani wenzake walikaa Nairobi kama watu wenye heshima zao, katika ghorofa zenye lifti inayokwama, saa nzima barabarani kwa safari ambayo kuku angeimaliza kwa miguu. Na hao ndio waliomwonea huruma.

"Kwani nyumbani kuna shida gani?" walimuuliza. "Mama ni mgonjwa?"

Mama yake, Benedetta Aguti, alikuwa na miaka sabini na moja, na wiki hiyohiyo alikuwa ameteremka kutoka juu ya mparachichi na nusu gunia mgongoni.

"Naishi kwetu kwa sababu napenda kwetu," Anyait aliwajibu. Wakangoja sababu yenyewe. Haikuja.

Akiwa na safari ya Jumatatu asubuhi, Jumapili mchana alipanda bodaboda hadi Busia, akamtafuta Ekisa, dereva wa lori linalovuka na saruji kwenda Uganda na kurudi Kisumu tupu. Ekisa alifuta kiti cha abiria kwa kitambaa alichokitenga kwa kazi hiyo tu, akangoja rubani ajifunge mkanda, kisha akatangaza, "Abiria wangu mpendwa, leo tutaruka kwa urefu wa futi sita. Tukipita Bumala kutakuwa na mtikisiko kidogo." Utani huo ulikuwa na miaka tisa, na Ekisa bado aliucheka kuliko abiria wake. Kisumu, Anyait alilala katika chumba alichokodi na marubani wengine watatu: vitanda vinne, pasi moja, na friji yenye samaki ambaye hakuna aliyekubali kuwa ni wake. Asubuhi alikuwa uwanjani kabla ya ndege kuoshwa madirisha. Miaka tisa hajachelewa hata mara moja. Waliochelewa ni wale wanaoishi dakika kumi kutoka uwanjani.

Mambo yalichemka mwezi wa tisa, Kipungu ilipotangaza nafasi mbili za ukapteni: moja kituo cha Kisumu, moja Mombasa.

Hapa msomaji avumilie kidogo, maana marubani wana dini yao, na dini hiyo inaitwa namba. Siku ya kuajiriwa unapewa namba, na mwenye namba ndogo ndiye anayechagua kwanza: kituo, siku za kupumzika, Krismasi, kila kitu. Humruki mtu na mtu hakuruki. Uwe hodari, uwe na meno meupe, uwe mpwa wa mkurugenzi, namba ni namba. Miongoni mwa marubani wasaidizi, wale wanaokaa kiti cha kulia, Anyait alikuwa namba moja. Namba mbili alikuwa Collins. Collins alikuwa na meno meupe na alikuwa mpwa wa mkurugenzi.

Ila dini hiyo ina mtego wake. Ukipanda cheo unahamia kiti cha kushoto, unaongezwa mstari wa nne begani, na palepale unakuwa wa mwisho katika orodha ya makapteni. Anyait akibaki msaidizi Kisumu, angeendelea kujichagulia siku kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na kila Jumamosi angekuwa nyumbani. Akiwa kapteni Kisumu, angekuwa mkiani: siku kumi na mbili za stendibai kila mwezi, amelala Kisumu akiitazama simu, na Krismasi angeisikia kwa redio. Akienda Mombasa kuwa kapteni, ng'ombe wangesahau sura yake.

Kiti cha kushoto alikitaka. Alikuwa amekitazama kwa pembeni miaka tisa, na wengine waliokikalia aliwafundisha yeye mwenyewe kusoma upepo wa ziwa. Lakini Jumamosi zake nazo alizitaka. Maombi yalifungwa Jumamosi saa kumi jioni, na Jumamosi saa tisa alasiri ukurasa wake kwenye simu ulikuwa bado mtupu.

Saa hiyo ndipo gari la kampuni lilipoingia uani.

Aliyeshuka ni Kapteni Protus, mkuu wa marubani wote wa Kipungu, mzaliwa wa Matayos, hapohapo Busia, ambaye akiulizwa kwao ni wapi hujibu "Nairobi, upande wa Westlands". Viatu vyake vilikuwa na ncha. Vilikanyaga mavi ya ng'ombe hatua ya pili.

Alikuta watu wamezunguka chungu. Kila Jumamosi uani kwa kina Okedi kilikutana kikundi cha ajono, pombe ya wimbi inayokaa katika chungu kimoja kikubwa katikati, kila mtu na mrija wake mrefu kama fimbo ya kuvulia samaki, na maji ya moto yakiongezwa kadiri chungu kinavyopungua. Ukitazama haraka utadhani ni walevi wamekaa ovyo. Thubutu! Viti vilipangwa kwa mwaka wa kujiunga, na Ajiko, mama aliyekuwa karani wa mnada wa ng'ombe hadi alipostaafu, aliuandika mpango huo kwenye daftari na kuulinda kwa macho mawili na kalamu moja. Anyait alikuwa namba tisa. Kwa kuwa kesho yake angeondoka kwenda kurusha ndege, mrija wake ulikuwa ndani ya chupa ya Fanta. Kikundi kilimruhusu, mradi akae mahali pake.

"Mulembe, mulembe," Protus alisalimia, akitumia Kiluhya chake chote kwa mkupuo mmoja. Akaona kiti kizuri kuliko vyote, chenye mikono na mto, kitupu. Akakaa.

Mirija ikatoka midomoni.

"Anyait, tuongee haraka," Protus alisema, hajui kitu. "Chukua Mombasa. Ukapteni ni uleule, tena kule kuna bahari. Kisumu tumwachie Collins, ana familia pale."

"Collins hajaoa, bosi."

"Ana mpango."

"Mimi namba moja. Kwa nini nisichague?"

"Unachagua! Nani amekataa? Nakusaidia tu kuchagua." Alishusha sauti. "Unajua kapteni wa mwisho anavyoteseka. Stendibai, Krismasi, Pasaka. Na wewe unatoka huku. Ukisisitiza Kisumu, watu wataanza kuuliza huku ni wapi. Au ubaki kulia, utulie. Na kama ni mambo ya mama, andika barua. Sema mama ni mgonjwa sana. Tutakuhurumia, tukubakishie siku zako."

"Nani mgonjwa?"

Benedetta Aguti alikuwa amesimama nyuma yake na kuni begani.

"Shikamoo mama. Nilikuwa nasema tu kwa mfano..."

"Huo mfano uanzie kwa mama yako. Na kabla hujaniua, toka kwa kiti cha watu."

Wakati huohuo Mzee Okiria, namba moja wa kikundi, alirudi kutoka kuhamisha kamba ya ng'ombe wake. Alikuta kapteni mzima juu ya mto wake. Alisimama tu akiegemea mwavuli, anapumua.

Ajiko akafungua daftari. "Wewe baba, jina?"

"Kapteni Protus. Mkuu wa marubani."

"Hapa umejiunga lini?"

"Mimi ni mgeni, mama. Nimefika sasa hivi."

"Umefika leo. Basi wewe ni namba ishirini na tatu. Kiti chako ni kile kigoda, pale nyuma ya kuku. Umekalia namba moja. Hiyo ni faini."

"Faini gani tena?"

"Maji ya moto. Unabeba sufuria kutoka jikoni mpaka chungu kijae, halafu unarudia."

Kicheko kikapita mduarani. Protus naye alicheka, cheko la mtu aliyezoea mambo kutengenezwa. "Sawa, sawa, desturi nzuri. Lakini tusikilizane, wazee. Mzee wangu hapa tumtafutie kiti kingine. Kizuri zaidi hata! Nitamletea mimi mwenyewe, cha ngozi, tukiweke pale kivulini."

"Pale ni kwa mbuzi," Okiria alisema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Lakini ni kiti kizuri zaidi, mzee!"

"Kiwe kizuri. Ni mbali na chungu."

"Bosi," Anyait alisema, "hicho kiti cha ngozi kwa mbuzi, jina lake si Mombasa?"

Ajiko alimtazama Anyait, akamtazama Protus, akaelewa kila kitu bila kuelezwa habari za ndege. "Ala! Kumbe ndiyo biashara iliyokuleta? Huyu ni namba moja kwenu, na mnataka kumpeleka kwa mbuzi ili nani akae?"

"Namba mbili," Anyait alisema.

"Mungu wangu. Na watu wanapanda hizo ndege zenu?"

"Kazi za ndege si kama pombe, mama," Protus alisema, sasa bila kicheko.

"Ni kweli," Ajiko alijibu. "Pombe iko na utaratibu. Inuka."

Protus aliinuka. Alimtazama Anyait, mtu ambaye Jumatatu angeweza kumwita ofisini, akitegemea amwokoe. Anyait alivuta Fanta yake hadi ikalia tupu.

"Jikoni ni mlango wa kushoto, bosi," alisema. "Inama, utagonga kichwa."

Basi mkuu wa marubani wa Kipungu alikunja mikono ya shati na kwenda kubeba maji. Alirudi na sufuria amelikumbatia kama mtoto asiye wake, hatua ndogondogo, kuku wakimpisha. Maji yalimwagika kwenye kiatu kimoja, kikawa safi kuliko mwenzake.

Anyait alimwangalia. Aliijua ile njia ya kutoka jikoni hadi kwenye chungu. Alijiunga na kikundi akiwa namba ishirini na tatu, rubani mpya mwenye mistari yake ya kwanza inayong'aa, na kwa misimu miwili hakuna Jumamosi aliyokuwepo ambayo hakubeba maji, maana wa mwisho ndiye mbeba maji. Okiria alimwita "wewe wa maji" mpaka alipofika namba kumi na saba. Hakufa. Waliokuwa mbele wengine walihamia Tororo, wengine walistaafu pombe kwa amri ya wake zao, na mduara ukasogea. Siku zote alipokuwa angani, kiti chake kiliinamishwa kikaegemea ukuta ili mtu asikikalie kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo walichokuwa wanamtishia nacho ni kuwa wa mwisho. Hicho tu?

Alitazama saa. Saa kumi kasoro dakika kumi na tano.

Adungosi ina mtandao, lakini una tabia zake: simu ikizubaa inakukaribisha Uganda kwa moyo mkunjufu. Mtandao wa Kenya uani kwa kina Okedi ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Anyait alivua viatu, akapanda, akainua simu.

"Anyait!" Protus alikuwa kwenye safari yake ya tatu, mvuke umemjaa usoni. "Usifanye mambo kwa hasira! Utakuwa mkiani, nakuambia!"

"Mkiani Kisumu," Anyait alisema bila kugeuka. "Chaguo la kwanza, ukapteni Kisumu. Chaguo la pili, ukapteni Kisumu. La tatu wanauliza kama nina maoni. Niandike nini, mama?"

"Waandikie mimi mzima!" Benedetta alipiga kelele kutoka jikoni.

Anyait akaandika: *Mama yangu ni mzima. Naishi Adungosi, karibu na soko.* Akabonyeza. Duara dogo likazunguka, likazunguka, Uganda ikamkaribisha mara moja, akanyoosha mkono juu zaidi akisimama kwa vidole, na maneno yakatokea: maombi yamepokelewa, saa tisa na dakika hamsini na mbili.

Aliteremka.

"Krismasi utakuwa wapi?" Ajiko aliuliza, kalamu mkononi.

"Kisumu. Stendibai."

"Na Pasaka?"

"Hapohapo, na samaki wa watu kwenye friji."

"Hiki kiti?"

"Kiegemee ukuta."

Ajiko aliandika kwenye daftari, akapiga mstari chini. Mzee Okiria, aliyekwisha kurudi kwenye mto wake, alichovya mrija chunguni, akavuta, akakunja uso. "Imepoa. Wewe wa maji!"

Anyait aligeuka kwa mazoea ya zamani. Kisha akakumbuka, akakaa kwenye kiti namba tisa, akanyoosha miguu.

Protus alikuwa amesimama katikati ya ua, sufuria mikononi, hajui kama mzee alimwita yeye au nani.

"Ni wewe, Kapteni," Anyait alimwambia. "Mkono wa kulia juu kidogo, wa kushoto ushike chini. Hivyo. Sasa mimina polepole, usiwachome walio mbele yako."