Bi Fagio na Lundo la Kifaru

Hebu mwone anavyoingia: mama mnene kidogo, gauni kalifunga kiunoni, buti za mpira zinampwaya, koleo begani kama mtu aendaye vitani. Ndiye Bi Fagio. Jina alilipata hospitalini, alikosugua sakafu hadi madaktari wakaona haya kupita na viatu. Sasa ameajiriwa kwenye hifadhi ndogo ya wanyama, asafishe zizi la kifaru jike mwenye mimba.

Akaling'arisha. Kila asubuhi, kifaru akiwa ua wa pili, alizoa lile lundo la mavi kando ya ukuta, akamwaga maji ya dawa, akasugua. Cha ajabu, kadiri zizi lilivyotakata ndivyo mnyama alivyochafukwa. Akawa anakoroma, anagonga lango kwa pembe, majani hayagusi.

"Nimekukosea nini, mwenzangu?" alimwuliza kupitia nondo.

Daktari wa wanyama alipofika, alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Mama, umemfutia anwani!"

"Anwani gani, mwanangu? Mimi nimezoa mavi."

"Hayo hayo. Kifaru haoni mbali. Pua na masikio ndiyo macho yake. Hurudi kunya palepale, akanusa, akajua yuko kwake. Wewe kila siku unamhamisha nyumba."

"Na mimi nikadhani hana adabu! Anagaagaa hadi kwenye tope."

"Tope ndilo linalomkinga jua na wadudu."

Bi Fagio akashika kichwa. Maisha yake yote, uchafu ulikuwa uchafu.

Akaliacha lundo. Haukupita muda kifaru akanusa, akatulia, akaanza kuvuta majani kwa mdomo wake uliochongoka.

Ndipo meneja akapita. "Bi Fagio, umechoka kazi? Kesho nina wageni. Nikikuta mavi humu, mimi na wewe basi."

"Lakini baba, daktari kasema…"

"Daktari ndiye aliyekuajiri?"

Bi Fagio akampigia daktari. "Mama, akigoma kula tena, siwezi kukuahidi kuwa huyo ndama atazaliwa hai. Mimba ya kifaru inapita mwaka. Si chai ya kusema imemwagika, tuchemshe nyingine."

"Basi sema na meneja!"

"Nampigia, hapokei."

Kulipokucha, Bi Fagio akasimama mbele ya lundo. Magari ya wageni yakisikika langoni. Ua wa pili, kifaru akipumua kwa nguvu. Koleo juu, koleo chini. Kazi hii ndiyo inayolisha nyumba yake, na mimba ile si yake, ila imemkaa moyoni.

Ungekuwa wewe, ndugu yangu, ungezoa au ungeacha?