Vikombe Viwili vya Mama Veronika

Mwanangu, kila mananasi yanapoanza kuiva hapa Kindu nakumbuka siku moja ya vita, na huzuni yake bado mbichi.

Nilikuwa msichana, nikiishi kwa shangazi yangu, Mama Veronika, aliyetengeneza divai ya mananasi. Njia za Lubutu na Kibombo zilikuwa zimefungwa. Sukari haikuja, hamira haikuja. Wenzake waliacha kazi. Yeye akaanza kujaribu. Zamani padre mmoja alimwonjesha divai nyeupe ya Ulaya, Shardone, akamweleza kwamba wako wanaoiacha ikae juu ya mashapo yake, yale matope laini yanayotuama chini, ikapata ladha nzito bila kuongezwa kitu.

Basi akakamua mananasi, akayaacha yachachuke yenyewe, akajaza chupa mbili kubwa za kioo. Moja aliichuja. Ya pili aliiacha na mashapo, akaifunga uzi mwekundu shingoni. Kisha homa ikamlaza.

“Feza, angalia tu,” aliniambia. “Usiguse.”

Majuma mawili hayajaisha, chupa ya uzi ikaanza kunuka kama yai bovu. Niliogopa kwamba imeharibikia mikononi mwangu, wakati ambao nanasi moja lilikuwa chakula cha nyumba nzima. Nikazimimina zote mbili katika beseni moja, harufu ikapungua, nikazirudisha chupani na kuufunga uzi vizuri kama mwanzo.

Alipotaka kuonja, nilimpelekea vikombe viwili kitandani.

“Hii njo ya uzi?” aliuliza, akitaka kujua kama ndiyo ile yenye mashapo.

“Ndiyo, mama.”

“Na hii njo ile ingine?”

“Njo hiyo.”

Akaonja, akarudia, akacheka kidogo. “Basi ulimi wangu umenitangulia kaburini. Kwangu zote ni moja.”

Sikumwambia kwamba nilizichanganya. Hakujaribu tena. Tulimzika kabla ya mananasi mapya, naye alikwenda akiamini kwamba ulimi uliomlisha miaka yote umekufa.

Siku hizi nami hujaza chupa mbili kila msimu. Ile ya mashapo hunuka, ni kweli. Ila ukiikoroga taratibu na kuipa majuma machache, harufu huondoka, na divai hujaa mdomoni kuliko ile iliyochujwa. Alikuwa amebakiza hatua moja tu. Na ulimi wake ulikuwa mzima kabisa: vikombe vile vilikuwa na divai moja, na yeye alisema hivyo hivyo.

Mwanangu unayejifunza kazi, utaharibu vitu, wala usijichukie kwa hilo. Anayejaribu hujifunza hata kwa kilichoharibika, mradi aambiwe. Ukimficha, atajitilia shaka yeye mwenyewe, na hilo hutaweza kulirekebisha. Kwa hiyo sema siku ile ile, hata kama unatetemeka.

Mungu akupe mwalimu mwenye subira, na akujalie ujasiri wa kumwambia kweli angali anasikia.