Tulimpima Mama

Mdogo wangu tunamwita Pini, kwa sababu tangu ajifunze ufundi hajawahi kuzungumza na mteja bila pini tatu nne kati ya midomo. Mteja anauliza gauni litakuwa tayari lini, naye anajibu kwa pua. Mimi ni dada yake, na ndimi niliyemfundisha cherehani. Kwa hiyo mengi mazuri yaliyomo mikononi mwake yametoka kwangu, na kuna kosa moja ambalo nalo limetoka kwangu. Sitalizungukazunguka.

Mahali petu pa kazi ni chumba kimoja: cherehani mbili zinazotazamana, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na daftari la vipimo. Cherehani zetu ni kongwe na zina makelele, hivyo tumezoea kuongea kwa vidole. Pini akivibana viwili pamoja, maana yake punguza. Akivitanua, ongeza. Akizungusha kimoja hewani, fumua uanze upya, na hapo ndipo mimi hujifanya sikuona.

Ugonjwa ulipoingia, Pini alikuwa na ujauzito wa miezi minne. Mtoto wa kwanza alimpoteza akiwa na miezi sita tumboni, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kununua hata soksi. Mumewe, shemeji yangu, ni dereva wa lori. Mipaka ilipofungwa alikwama upande wa pili na shehena yake, akawa anapiga simu kila jioni kuuliza neno moja tu: "Anacheza?" Pini anajibu, "Anacheza." Akishakata simu anaweka mkono tumboni na kutulia, kama mtu anayesubiri mlango ugongwe.

Watu waliacha kuoa, au waliacha kualikana, sijui. Magauni ya harusi yalikwisha tukaanza kushona barakoa. Kutwa ni lastiki na mikunjo. Redio ilikuwa dirishani, na kila saa saba mchana ilisoma idadi ya walioambukizwa na waliofariki, Pini akisimamisha cherehani asikilize. Nilipoizima, aliiwasha. Nilipoficha betri, alikwenda kusikilizia kwa jirani. Wateja nao walileta yao. Mmoja alikuja kuchukua barakoa, akatusimulia kuhusu mjamzito aliyeingia hospitali kwa miguu yake akatoka amefungwa kwenye plastiki. Nilimuuliza kama alimwona kwa macho yake. Akasema ameambiwa na mtu wa kuaminika. Nilimkabidhi barakoa zake nikamwonyesha mlango, lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Pini alinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka na uzi ukawa unamnasa kwenye nyufa za vidole. Nguo ya mteja hakuigusa kabla ya kuipiga pasi mara mbili. Pini zenyewe aliacha kuzibana mdomoni, na kwa mara ya kwanza wateja wakasikia sauti yake halisi, ambayo ni nzuri. Siku moja aliinua mguu kwenye pedali akaniambia bila kupindisha, "Naogopa, dada. Naogopa kwenda kliniki, na naogopa kutokwenda."

Kadi yake ya kliniki ilikuwa na tarehe ya kurudi. Kule, alisema, wanabanana kwenye benchi moja, mmoja akikohoa wote wanageuka. Nami niliogopa, tena sana, lakini mimi ndiye mkubwa, na mkubwa akiogopa hutafuta la kusema. Nikasema, "Kwani kliniki kuna kipi kikubwa? Si wanapima tumbo kwa futi? Futi sisi tunazo sita."

Ndivyo nilivyosema. Nakumbuka hata mahali nilipokuwa nimesimama, karibu na pasi.

Tukaanza, kila Jumamosi asubuhi. Pini anasimama mbele ya kioo na kuinua blauzi, nami nazungusha futi usawa wa kitovu, kama tunavyompima mteja yeyote. Nilimpa ukurasa wake kwenye daftari, nikaandika juu: Mteja Msumbufu. Inchi thelathini na nne. Thelathini na tano. Thelathini na sita na nusu. Kila ilipoongezeka alicheka, na siku hiyo aliweza hata kumaliza sahani ya chakula. Namba hizo ndizo zilizotulaza usingizi. Tarehe ya kliniki ikapita, na iliyofuata nayo ikapita.

Ujauzito ulipofika miezi saba, futi iliruka inchi mbili kwa wiki moja. Nilimwambia shemeji kwenye simu kwamba ajiandae, anakuja bondia. Miguu ya Pini ilikuwa imevimba hata viatu vikamkataa. Nikasema ni kukaa sana. Kichwa kilimuuma, nikasema ni ile redio. Kisha asubuhi moja alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara tano akakosa, yeye ambaye hutunga akiwa anaangalia pembeni. Akasema anaona vimulimuli. Nilizima cherehani yangu tukatazamana. Nilichukua kadi na daftari, nikamvisha barakoa mbili, tukaenda.

Mlinzi wa hospitali alimpitisha yeye, mimi akanizuia kwa mkono. Mgonjwa peke yake, ndiyo amri. Niliomba, nikabembeleza, nikapandisha sauti. Alinisikiliza kwa uchovu wa mtu aliyeyasikia hayo hayo tangu asubuhi. Pini aligeuka mara moja, akaendelea kutembea polepole, ameshika kiuno. Baada ya saa mbili nesi alikuja mpaka getini, amejifunika akabaki macho tu, akauliza dada yake Pini ni nani.

"Presha iko juu mno," alisema. "Tunamlaza. Mbona miezi yote hii hakuja?"

Nilimwambia tulikuwa tunampima. Nikafungua daftari na kulisogeza kwenye nondo za geti, kama mwanafunzi anayetaka kusahihishiwa. Alisoma ukurasa wote. Sauti yake haikuwa na ukali, na laiti ingekuwa nao.

"Sisi futi tunaanza nayo hapa chini, mfupani, tunapanda mpaka mfuko wa uzazi unapoishia. Hapo ndipo tunajua mtoto anakua." Akanionyesha juu ya nguo zake. "Nyinyi mmezungusha. Huyu amejaa maji, mwili mzima. Mlikuwa mnampima mama, dada yangu. Mtoto hamkumpima. Mtoto ni mdogo."

Miaka ishirini na miwili nimepima viuno vya watu, na hakuna aliyewahi kurudisha nguo kwa sababu ya kipimo. Nilifunga daftari. Nilitaka aniulize kitu kingine, chochote ninachokijua, lakini alikuwa ameshaondoka.

Siku ya tatu walimtoa mtoto, wiki nane kabla ya wakati wake. Pini alinipigia kwa sauti iliyokwisha. "Ni wa kike. Yuko kwenye sanduku la kioo. Nimeonyeshwa kwa mbali tu, sijamshika. Nimeuliza kama ataishi, wanasema tusubiri."

Nilitaka kumwambia anisamehe. Badala yake nikauliza kile ambacho fundi huuliza. "Kichwa chake inchi ngapi?"

"Nesi amesema kumi na nusu."

Nilizungusha futi kwenye ngumi yangu. Ilikuwa hiyo hiyo, kumi na nusu. Basi nikashona kofia, kitambaa laini cha pamba, nikiipima kwenye ngumi kila hatua, na machozi yakinizuia kuona mshono. Nilipoipeleka mlinzi alitikisa kichwa. "Vitu vya nje haviingii, mama. Hata nepi." Hakuwa mtu mbaya. Alininyooshea kidole dirisha la ghorofa ya pili, akasema wenye watoto wa kwenye vioo husimama pale saa kumi.

Saa kumi Pini alitokea, amevaa barakoa ya vitone niliyomshonea mwenyewe. Kati yetu kulikuwa na uwanja mzima, na jenereta likinguruma. Niliita, hakusikia. Nikaivika kofia ngumi yangu, nikainua mkono juu aione.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaleta mkono wake kwenye kioo na kubana vidole viwili. Punguza.

Ina maana siku hiyo walimwacha amsogelee mtoto, akamwona kwa jicho lake mwenyewe, na jicho la Pini kwa vipimo halijawahi kukosea. Niliitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Aliendelea kuvibana vidole vile hata baada ya mimi kuitikia, mpaka mtu akamgusa bega akaondoka.

Nimerudi kazini nikafumua, nikapunguza nusu inchi. Kitambaa kilichozidi sikukikata. Nimekikunja ndani ya mshono, kama tunavyofanya kwenye sare za shule, ili mtoto akikua mtu afumue tu aongeze. Shemeji amepiga simu; anajua mtoto ameshazaliwa, lakini ameuliza lile lile, kama anacheza, nami nimemwambia yupo. Kesho saa kumi nitasimama tena pale getini na ngumi juu, nitazame vidole vya mdogo wangu vinasema nini. Zaidi ya hapo sina ninaloweza.