Plasta Iliyobanduka Darini

Alikuwa amechoka tangu alipoamka, uchovu ule ambao hata usingizi hauugusi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza juu ya ngazi, akipima joto linavyopenya kwenye mapaa, kuta na matangi ya viwandani. Kazini walimwita Bi Joto. Mumewe, mstaafu mwenye mdomo usio na breki, alipenda kuwaambia wageni kwamba mke wake amepapasa kuta nyingi kuliko alivyompapasa yeye. Wageni walicheka, na yeye mwenyewe alicheka siku ambazo magoti hayakumuuma.

Kifaa chake hakikuwa na makuu. Ni kipande chembamba kama karatasi, laini, unaweza kukizungushia kidole, na kina nyaya mbili zinazoingia kwenye kisanduku cha namba. Mafundi walikiita plasta kwa sababu hubandikwa kama plasta ya kidonda. Ukikibandika darini, kinakwambia ni joto kiasi gani linashuka chumbani kupitia hapo. Namba ikiwa ndogo, dari inafanya kazi yake. Ikiwa kubwa, dari ni pambo tu. Sharti lake ni moja: kigusane na dari chote, hewa isipate pa kuingia. Hilo Bi Joto alikuwa amewaimbia wenzake wapya mpaka wakamchoka.

Siku hiyo alitumwa kwenye wodi ya wazazi ya hospitali moja. Miaka minne nyuma, mkandarasi alikuwa ametandaza sufi ya kuzuia joto juu ya dari ile, na Bi Joto ndiye aliyepima na kuweka sahihi kwamba kazi ni nzuri. Namba ilikuwa kumi na nne. Tangu hapo sista mkuu wa wodi hakuacha kuandika barua kwamba watu wanaungua humo ndani, na kila barua ilijibiwa kwa nakala ya ripoti ile ile: vipimo vya kitaalamu ni kumi na nne, wahudumu waache kutia chumvi. Barua ya saba ndiyo iliyowachosha wakubwa, wakaagiza dari ipimwe tena.

Sista alikuwa mwanamke wa rika lake, mwembamba, kola imelowa jasho na saa tatu ya asubuhi haijafika.

"Umekuja tena kutuambia hakuna joto?"

"Nimekuja kupima, dada."

"Haya, pima. Sisi tutaendelea kuokwa."

Alimpa chumba cha mwisho, chenye vitanda vinne vitupu. Wazazi na vichanga vyao walikuwa wamehamishiwa kwenye korido, ambako angalau kulikuwa na upepo kidogo. Bi Joto alipanda, akabandika plasta kwa utepe wake wa siku zote, akashuka. Kwa kawaida angeondoka na kurudi baada ya siku tatu kuchukua kisanduku. Lakini leo miguu iligoma. Akajilaza kwenye kitanda kimoja, dakika tano tu, akajiambia, na dakika tano zikageuka saa tatu, kisha nne.

Hakulala. Alitazama juu tu, kisanduku kikiwa kifuani. Jua lilipopanda, namba nayo ikapanda: ishirini, thelathini, thelathini na nane. Ilipofika saa saba na nusu aliona kitu ambacho mtu aliyesimama asingekiona. Rangi ya dari ile ilikuwa ya kuchujuka, na kwa joto ilianza kutoa unga, kwa hiyo utepe ukawa haushiki. Pembe za plasta zilibaki pale pale, ila katikati ilishuka ikafanya kitumbo kidogo, unene wa ukucha. Namba ikaanza kuporomoka. Thelathini. Ishirini na mbili. Kumi na saba. Kumi na nne, na hapo ikatulia.

"Mungu wangu," alisema.

Alipanda tena, magoti yakilia. Alifuta ule unga kwa kitambaa, akapaka gundi ya kugandisha, akabandika upya kwa utepe mpana, akasubiri nusu saa. Arobaini na moja.

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Aliikumbuka vizuri wiki ile ya miaka minne iliyopita: majengo kumi na moja kwa siku tisa, rangi hiyo hiyo, utepe huo huo. Alibandika asubuhi, dari zikiwa bado za baridi, na hakupanda tena kukagua. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na msiba. Alikuwa amechoka na alitaka kurudi nyumbani, basi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alimpigia simu bosi wake, mwanamume ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeharibu, mwanangu," akamweleza yote.

Bosi alishusha sauti. "Mama, andika sufi imechakaa. Miaka minne si haba. Wataibadilisha, wodi itapoa, kila mtu atafurahi."

"Haijachakaa. Haikuwahi kufaa, na mimi ndiye niliyeipitisha."

"Umebakiza mwaka mmoja na miezi mitatu ustaafu. Ukiandika ulikosea, cheti chako kinafutwa na unaondoka kwa mlango wa nyuma. Kwa nini ujichome mwenyewe?"

"Na yale majengo mengine kumi?"

"Hayo hayajalalamika."

"Yamelalamika. Tumeyajibu kwa namba zangu."

"Mimi sijasikia kitu, mama," alisema bosi kwa upole, akakata.

Bi Joto alitoa fomu. Mwaka mmoja na miezi mitatu ya amani, kisha kwaheri ya heshima. Nani angemlaumu? Kwenye sehemu ya sababu aliandika, "Sufi imecha", na kalamu ikasimama. Hapo ndipo sista alipoingia, akamkuta ameinama, akadhani anaumwa. Alitoka, akarudi na bilauri ya maji.

"Kunywa, mwenzangu. Joto hili si la kuchezea."

Wema ule ulimmaliza kabisa. "Dada, kosa lilikuwa langu," alisema, na kabla hajabadili mawazo alipanda ngazi, akabandua katikati ya plasta kidogo, na kumwambia sista atazame kisanduku. Arobaini na moja ikashuka taratibu mpaka kumi na nne.

Sista aliketi kitandani polepole. "Kwa hiyo joto lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Unajua waliniambia nini? Kwamba ni umri wangu. Eti wanawake wa rika letu hupandwa na joto. Nami nikaamini, maana namba ilikuwa ya wataalamu. Nikaenda kwa daktari. Miaka miwili nameza vidonge, dada, na vyenyewe vinanitapisha." Alicheka mara moja, kicheko kikavu. Bi Joto alijaribu kucheka naye, akashindwa, machozi yakamlengalenga.

"Nisamehe."

"Nitakusamehe siku nyingine. Leo nimechoka. Andika."

Bi Joto alikata yale maneno mawili kwa mstari, akaandika kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa na kosa, kwamba kosa ni la mpimaji, na kwamba majengo mengine kumi yapimwe upya. Akayataja moja moja. Sista alisimama kando yake mpaka sahihi ikawekwa, kisha akarudi kwa wazazi na vichanga vyao kwenye korido.