Kikombe cha Ulanzi

Juzi nilipita Matogoro nikaona mianzi michanga imekatwa ncha, vyombo vya kukingia ulanzi, pombe ya mianzi, vimefungwa, nyuki wanazunguka. Harufu ile tamu, yenye uchachu kwa mbali, ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa masika, nikiwa mtoto.

Baba alikuwa ameacha pombe. Aliahidi mbele ya jumuiya yetu ya kanisani, kisha akafyeka mianzi yote nyuma ya nyumba. Mimi nilichokiona ni kwamba siku hizo hakucheka, na mikono ilimtetemeka akishika rozari. Nikadhani anaumwa kwa kukosa kinywaji chake.

Mvua ziliponyesha, mianzi ikachipua. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakata ncha ya mwanzi mmoja kama nilivyokuwa nikimwona akifanya, nikakinga tangu asubuhi. Mchana nikampelekea kikombe kimejaa.

“Baba, nimekugemea.”

Akakipokea. Alikinusa muda mrefu. Nyuki alitua ukingoni, wala hakumfukuza. Kisha akaita.

“Mama Agnes, njoo ukichukue. Mimi siwezi kukimwaga.”

Mama alikuja mbio, akakitoa taratibu mikononi mwake. Baba akapiga magoti palepale kwenye matope, akaniambia, “Asante, Agnes,” akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye “usitutie katika kishawishi” alirudia mara tatu, machozi yakimtoka.

Nilidhani anamshukuru Mungu kwa ulanzi wangu. Nikapiga magoti kando yake, nikaitikia Amina kwa sauti yangu yote.