Saa Kumi na Moja na Dakika Kumi

Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini na moja. Hapana, hapo tumekosea, ilikuwa ishirini na mbili, maana ndio mwaka wa sensa, na bila yule karani wa sensa hakuna ambaye angejua mambo haya yalianza lini.

Karani alikaa sebuleni kwa mzee Krispini, pale Kashaulili, mjini Mpanda, kishikwambi mapajani, akauliza ni akina nani walilala ndani ya nyumba ile siku ya kuhesabiwa. Bibiana, mke wa Krispini, akawataja: mume wangu, mimi, na mama.

"Mama yupi, bibi?"

"Mama yangu. Yuko uani anaanika mihogo."

Mama yake Bibiana alizikwa Kasansa, huko Mpimbwe, zaidi ya miaka thelathini nyuma. Krispini akacheka. Akamwambia karani, "Andika wawili, mwanangu. Huyo wa tatu hali wala hanywi." Karani naye akacheka, na Bibiana akacheka kwa kuwafuata. Kicheko kile Krispini alikuja kukichukia kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukitoa mdomoni.

Krispini alikuwa Mkonongo, mtu mpole, wa maneno machache. Reli ilimwajiri akiwa kijana, akafanya kazi stesheni ya Mpanda mpaka akastaafu. Kazi yake ilikuwa bendera mchana na taa usiku: kijani pita, nyekundu simama. Mtu wa kazi hiyo hapigi kelele. Akikosea, treni mbili zinakutana. Kwa hiyo alijifunza kutazama saa na kunyamaza, na alipooa alimfundisha mkewe vitu hivyo viwili. Cha kwanza Bibiana alikishika, cha pili kilimshinda. Bibiana hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alijifunzia tarakimu kwenye saa ya mkononi ya mumewe, wakiwa wamekaa jikoni, ili ajue muda wa kwenda kupokea mizigo yake. Alikuwa akiuza migebuka ya kukaushwa kwa moshi, sokoni, na mdomo wake ulijulikana soko zima. Mteja akiuliza kama samaki ni wa leo, anajibiwa, "Wa leo wako ziwani wanaogelea. Nenda kawafukuze."

Baada ya sensa alikaa vizuri miezi mingi. Halafu, wakati wa Kwaresma, asubuhi moja aliamka akashindwa kufunga khanga. Mguu wa kushoto ukawa unaburuta. Siku ya nne mguu ukarudi, lakini kuna kitu hakikurudi: alimimina unga kwenye sufuria tupu, akasimama akiutazama kama anayesubiri useme. Krispini akampeleka zahanati.

"Ni uzee, babu," akaambiwa.

Ikapita miezi, hakuna kilichobadilika, si afadhali wala si zaidi. Halafu siku moja tu, mara, akashuka tena. Safari hii alipotea akitoka sokoni, njia aliyoipita maisha yake yote. Mama Wema, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyemrudisha kwa mkono. Zahanati wakasema ni uzee. Mara ya tatu alianza kuchelewa kujibu. Unamuuliza neno, unaona linazunguka ndani yake likitafuta mlango. Zahanati hawakuinua hata kichwa.

"Ni uzee, babu. Umri umeenda."

"Mimi nimemzidi miaka minane," Krispini akasema. "Huo uzee uliniruka vipi mimi ukamfuata yeye?"

Hakuna aliyecheka. Wakamwita anayefuata.

Sokoni nako walikuwa na zahanati yao. Walisema amewekewa kitu kwenye samaki. Wengine wakasema mapepo, apelekwe kwenye maombi. Krispini aliwasikiliza wote na hasira ikakaa kifuani kama kipande cha ugali kilichokataa kushuka.

Ndipo walipokuja watu wa kliniki ya wiki moja, ya kupima wazee kumbukumbu. Walipanga ukumbi mmoja mjini, wakaweka meza na viti. Osward, mtoto wao wa kwanza, ndiye aliyempeleka mama yake, kwa sababu baba alikuwa amelala na homa. Walirudi na karatasi imekunjwa mara nne. Osward hakuifungua mbele ya mama. Alipiga simu Kasansa, na Alhamisi shemeji Lyamba, kaka yake Bibiana, akawa ameshafika.

Wakakaa wanaume watatu. Bibiana alikuwa uani kwa Mama Wema.

"Baba, wamesema ni ugonjwa wa kusahau, ule unaoitwa Alzeima," Osward akaanza. "Ubongo unasinyaa kidogo kidogo. Hauna dawa. Wamesema hakuna haja ya kumhangaisha na vipimo vingine."

"Kwa hiyo?"

Lyamba akakohoa. "Kwa hiyo, shemeji, Jumamosi nimpandishe gari nirudi naye nyumbani. Wewe umezeeka, huwezi kumwogesha mtu. Kule wapo wake wa wanangu. Na wapo wazee, wataangalia mambo ya mila, upande wetu."

"Upande wenu umeumwa lini?"

"Shemeji, usiongee hivyo."

"Mke wangu si gunia la mihogo, umpakie Jumamosi."

"Baba," Osward akasema taratibu, "karatasi ndiyo inayosema, si sisi."

Krispini akanyoosha mkono. Akavaa miwani, akaisoma karatasi kama alivyokuwa akisoma ratiba ya treni, mstari kwa mstari. Tarehe ya leo: sifuri. Mwezi: sahihi. Picha ya ngamia: sifuri, Bibiana alikuwa amejibu "twiga aliyeshushwa shingo". Krispini mwenyewe hakuwahi kumwona ngamia. Maneno matano ya kukumbuka: alikumbuka mawili, na akidokezwa, yote matano. Halafu akafika kwenye duara.

Bibiana alikuwa ameambiwa achore saa. Duara lilikuwa limepinda kama chungu, lakini tarakimu zote kumi na mbili zilikuwepo, kila moja mahali pake. Mshale mfupi kwenye tano, umepita kidogo. Mshale mrefu kwenye mbili. Pembeni kwa wino mwekundu: sifuri.

"Aliambiwa achore saa ngapi?"

Osward akafikiri. "Saa kumi na moja na dakika kumi. Nilikuwepo."

"Kwa maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo."

Krispini akavua saa yake ya mkononi, akaisokota mpaka mishale ikakaa, akaiweka juu ya karatasi, kando ya duara la mkewe. Akawaacha watazame. Mtoto yeyote wa Mpanda anajua: mshale mfupi ukiwa kwenye tano, ni saa kumi na moja.

"Sasa nani hapa hajui saa?" akauliza.

Lyamba akainama, akalitazama duara muda mrefu. "Dada yangu kapatia," akasema.

Krispini alikuwa ameshafika mlangoni, karatasi mkononi. Homa haikuwa imemwisha. Alipanda bodaboda hadi ukumbini, yeye ambaye miaka yote alisema bodaboda ni ya watu waliochoka kuishi.

Mpimaji aliitwa Heri, kijana msafi, mwenye adabu. Akasimama, akasema shikamoo, akavuta kiti. Krispini hakukaa.

"Marahaba. Hii ni saa ngapi?"

Heri akaitazama karatasi, akafungua simu, akamwonyesha picha ya majibu. "Babu, angalia. Mshale mfupi ulitakiwa uwe hapa, kwenye kumi na moja."

"Hapo ni saa tano."

"Kwa Kiingereza ni saa kumi na moja."

"Ulimuuliza kwa Kiingereza?"

Heri akayarudia maelekezo. Akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, Kiingereza, kisha Kiswahili, kisha akarudia tena. Masikio yakaanza kumwiva.

"Nilitafsiri mwenyewe," akasema. "Dah. Samahani, babu. Nitamwongezea alama zake. Lakini hata nikiziongeza, bibi ni mgonjwa."

"Nani amekwambia ni mzima? Mimi ndiye ninayemwosha. Nasema umemwandikia ugonjwa usioujua, ukaandika na kwamba asipimwe tena. Kwa karatasi hii anapandishwa gari keshokutwa. Ningekuwa mimi nimekosea bendera hivi, watu wangekufa, na mimi ningekuwa jela."

Sauti yake ilifika mwisho wa ukumbi. Hakuwa ameipandisha hivyo tangu azaliwe, na mwenyewe ilimshtua. Mwanamke wa makamo akatoka chumba cha pili, koti jeupe begani. Alikuwa Daktari Rahel wa hospitali ya mkoa, aliyeazimwa kuwasimamia. Hakumwambia mzee atulie. Alichukua karatasi, akalitazama duara, akamtazama Heri, akatikisa kichwa.

"Baba, kaa unisimulie," akasema. "Alianza kidogo kidogo, au ghafla?"

Ni swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza. Krispini akakaa. Akasimulia karani wa sensa, khanga, mguu, unga, njia ya sokoni.

"Katikati hapo alikuwa anazidi kila siku?"

"Hapana. Anasimama palepale miezi. Halafu anashuka. Anasimama. Anashuka."

"Kama mtu anayeshuka ngazi."

"Hivyo hivyo."

"Ile siku alipomwona mama yake. Ameona tena watu wasiokuwepo? Anatetemeka mikono? Tabia imegeuka, anatukana watu?"

"Kutukana alianza kabla sijamwoa," Krispini akasema. Daktari akacheka kidogo, lakini kalamu yake haikusimama. "Watu wasiokuwepo, ni siku ile tu."

"Presha anapimwa wapi?"

"Hapimwi popote. Kila mahali ni uzee."

Wakamleta Bibiana jioni ile ile. Kipimo cha presha kilipanda hadi mia mbili na kumi kwa mia moja na kumi na tano. Daktari Rahel akapima tena mkono wa pili, ikawa ile ile. Akamwanzishia vidonge palepale, akachukua damu kuangalia tezi ya shingo, kaswende, virusi vya UKIMWI na upungufu wa vitamini, maana yapo magonjwa, alisema, yanayomfanya mtu apoteze akili na yakatibika, na ni dhambi kumzika mtu nayo akiwa hai. Damu haikuonyesha kitu. Wiki mbili baadaye Osward akampeleka mama Mbeya kupigwa picha ya kichwa.

Picha ilipokuja, Daktari Rahel aliinyanyua dirishani, pale hospitali ya mkoa. Krispini aliona kitu cha kijivu kilichokunjamana kama kabichi, chenye madoa meusi, madogo madogo, kama nguo iliyorukiwa na cheche.

"Baba, wewe ni mtu wa reli. Treni ikitoka Kaliua isifike Mpanda, huku inakuwaje?"

"Mji unalala njaa."

"Ubongo wa mama una reli nyembamba za damu. Presha imezipiga miaka mingi mpaka zikaziba, moja moja. Kila iliyoziba, mji wake mdogo umekufa. Haya madoa ndiyo miji. Ule ugonjwa wa Alzeima ni mwingine: uchafu unajikusanya kati ya chembe za ubongo, na nyuzi ndani yake zinasokotana, na mara nyingi unaanza pale tunapotunzia mambo mapya. Huo unakuja taratibu kama kutu, na maneno uliyompa yanapotea hata ukimdokeza. Mama ukimdokeza, anakumbuka. Inawezekana anayo yote mawili, wazee wengi wanayo, siwezi kuapa. Lakini hiki ninachokiona kinatosha kunieleza zile ngazi."

"Kinatibika?"

"Iliyokufa haifufuki. Tunalinda zilizobaki."

"Na kama wangempima presha ile siku ya khanga?"

Daktari akashusha picha. "Zingebaki nyingi zaidi," akasema.

Krispini akashukuru, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya jengo peke yake. Alipiga ukuta kwa kiganja, mara moja, kisha akatazama kiganja chake kama si cha kwake.

Bibiana hakwenda Kasansa. Lyamba alipanda gari lake la Jumamosi peke yake, na kabla ya kupanda alimwambia shemeji yake, "Nilikuja kumchukua mgonjwa asiye na dawa. Mwenye dawa ni wako." Tangu hapo, kila alfajiri Krispini anatoa kidonge, anampa na uji, na Bibiana anameza huku akilalamika kuwa mume wake ana uchungu kuliko kidonge. Sokoni hakurudi tena. Kupika hawezi. Lakini mwaka ulipita, na wa pili, na hakushuka ngazi nyingine. Ukimuuliza neno anachelewa, halafu jibu linakuja, na likija, jiandae.

Mtu angedhani hasira ya mzee ingeisha hapo. Haikuisha, kwa sababu ya kitu alichokiona juu ya meza ya Heri siku ile. Lilikuwa boksi la karatasi za kuchapia, limejaa hadi mdomo, na kila karatasi ilikuwa na duara. Alikuwa ameinua chache za juu wakati Heri akitafuta kalamu. Mshale mfupi kwenye tano. Mshale mfupi kwenye tano. Mshale mfupi kwenye tano, kwa mkono wa mtu mwingine kabisa, mkono unaotetemeka. Na sifuri nyekundu pembeni ya zote.

Alimwuliza Heri, na Heri akasema atalifikisha kwa wakubwa. Alimwuliza Daktari Rahel, na yeye aliandika barua, kisha akahamishwa mkoa mwingine. Alimwuliza mtendaji wa kata, akaambiwa hayo ni ya afya. Aliwauliza wa afya, wakasema kliniki ile haikuwa ya kwao, wenyewe walishaondoka. Padre alisema atawaombea. Mpaka leo, akikutana na mtu yeyote mwenye koti jeupe, kwanza anamwamkia vizuri, maana ni mtu mpole, halafu anamwuliza lile lile:

"Wale wengine waliochora saa yao sawasawa, nani ameenda kuwaambia kwamba walipatia?"