Nauli ya Kwenda Kuulizwa Shinyanga

Niliondoka kwetu, milimani juu ya Maore, kwa sababu ya barua. Shamba la mkonge nilikokuwa karani wa mizani lilikuwa limepata mwenye mali mpya, naye akatupunguza kazini. Niliandika maombi mengi. Lilijibiwa moja tu, na kinu cha kuchambua pamba huko Shinyanga: naitwa kwenye usaili wa karani wa ghala, Alhamisi saa tatu asubuhi. Mstari wa mwisho ulisema, "Utajigharamia nauli, chakula na malazi."

Nauli ingetoka kwa mbuzi wetu wawili. Kilichotukosesha raha ni kwamba Jumatano ya wiki hiyohiyo baragumu lingepigwa kuita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kila nyumba hutoa mtu wa jembe, na isiyotoa hukosa zamu yake ya maji. Baba alikwisha kufariki, mama anaumwa goti, na maharage yetu ndiyo kwanza yanatoa maua.

"Wakitaka kukuona, si watume nauli?" mama alisema.

"Dada, mtu haitwi bure," mjomba Elinihaki alimjibu. "Baragumu likilia, si unajua kazi ipo? Na hawa wamemwita kwa jina, kwa taipu, na mhuri juu."

"Mhuri haunyeshi mvua."

Mjomba alicheka. Mimi nilikuwa upande wake. Tangu nizaliwe sijaona kwetu mtu ameitwa na jembe lake, halafu akifika aambiwe mtaro umeshachimbwa. Nikauza mbuzi.

Jumatatu alfajiri niliteremka kwa miguu hadi Maore, nikapanda lori lililobeba mchele wa Ndungu. Tulipita Kisiwani na kuingia Same saa tano. Stendi ilikuwa imejaa wauza mitumba, na wawili kati yao niliwahi kuwapimia mkonge. Nilipata basi la Arusha jioni.

Jumanne ilikuwa vumbi tu, Babati hadi Singida. Mara mbili tuliteremshwa kusukuma basi mchangani.

Jumatano saa moja asubuhi, tukitoka Singida, nilitazama saa ya jirani yangu. Wakati ule baragumu lilikuwa limeshalia.

Shinyanga nilifika alasiri, nikapokewa na Masanja, Msukuma tuliyefanya naye kazi mkongeni kabla hajarudi kwao. Sasa alikuwa kibarua wa kupakia marobota ya pamba kwenye kinu hichohicho.

"Mpare umetoa nauli mfukoni mwako?" alipiga kelele hata majirani wakageuka. "Basi dunia imekwisha!"

Nilipomwonyesha barua, aliisoma yote. Kisha akasema, "Ndugu yangu, kile kiti kina mtu tangu mwezi uliopita. Mpwa wa meneja."

"Sasa wametuitia nini?"

"Wanataka karatasi zionyeshe kwamba watu walishindana."

Alhamisi saa mbili nilikuwa kwenye baraza ya ofisi. Nilienda kwa sababu nilikuwa nimeshafika. Tulikuwa thelathini na mmoja. Mmoja alitoka Songea. Zamu yangu ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Bwana mmoja aliniuliza jina, akaniuliza ninakotoka, kisha akauliza, "Umekuja kwa gharama zako?"

"Ndiyo."

Akaandika. "Ahsante. Utajulishwa."

Nauli ya kurudi haikutosha. Masanja aliniombea kibarua, nikabeba marobota wiki mbili. Kwa hiyo kazi kwenye kinu kile niliipata, tena bila usaili, kupitia lango la nyuma. Karani mpya wa ghala alikuwa kijana mwenye adabu. Siku ya tatu alinijia.

"Samahani, kaka. Nimesikia ulikuwa mtu wa mizani. Hii inagoma kurudi kwenye sifuri."

Nilimwonyesha. Alinishukuru vizuri sana.

Safari ya kurudi ilikuwa siku tatu, nikapata nafasi ya kufikiri. Mzee wetu wa maji, mgawaji wa zamu, huita watu akiwa ameshaingia topeni yeye mwenyewe, maji yakimfika magotini. Wale waliniita wakiwa wamekaa, na gharama yote ya wito wao nilibeba mimi. Yeyote kwetu atakayepata barua yenye mstari kama ule, namshauri aandike kwanza kuuliza wameitwa wangapi. Stempu ni nafuu kuliko mbuzi.

Jumapili mchana nilifika nyumbani. Nilipita shambani kwanza. Matuta ya juu yalikuwa ya kijani na yana maganda. Ya chini yalikuwa makavu kabisa. Mama alikuwa huko chini, akiyang'oa yaliyokauka. Alitembea kwa fimbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepata?"

"Sikupata."

Alitupa shada la maharage makavu kwenye rundo.

"Nilikwenda msaragambo mwenyewe," alisema. "Nikabeba mawe mpaka goti likakataa, saa sita. Mzee wa maji akasema nimefanya nusu ya mtu, akanipa nusu ya zamu."

Aliniangalia viatu, akarudi kwenye tuta.

"Shika huko mwisho," alisema. "Hayo hayahitaji maji tena."